Kwa nini wagonjwa wa kiharusi huacha utafiti katikati? Tafakari kutoka Kalemie

Wazee wa kanisa na wamama wanaotembelea wagonjwa hapa Kalemie wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Mtu akipatwa na kiharusi, wiki ya kwanza nyumba hujaa. Majirani wanaleta unga, kwaya inakuja kuimba, mchungaji anaomba, watoto waliohamia Lubumbashi wanapiga simu kila jioni. Mwezi wa tatu wanabaki ndugu wa karibu. Mwaka ukitimia, utamkuta mgonjwa ameketi mlangoni peke yake, mkono umekunjika kifuani, na mke wake yuko sokoni anauza dagaa, kwa sababu watoto ni lazima wale.

Tunaanza na picha hiyo kwa sababu inatusaidia kujibu swali linalowasumbua watafiti wa dawa duniani kote: kwa nini watu wanaokubali kwa hiari kuingia katika utafiti wa muda mrefu juu ya kiharusi huacha kabla haujaisha? Wengi hujibu haraka kwamba wagonjwa hawaelewi, au hawana uvumilivu. Sisi tunaona tofauti. Mara nyingi mgonjwa huachwa kwanza na waliomzunguka, na baadaye ndipo yeye anaacha utafiti.

Hata kama hakuna mtu katika ushirika wako aliyewahi kuandikishwa katika utafiti wowote, jambo hili linakuhusu. Sababu zinazomtoa mtu katika utafiti ndizo zilezile zinazomfanya aache vidonge vya shinikizo la damu, ile tunayoiita tansio, na kupatwa na kiharusi cha pili.

Utafiti wa namna hii unataka nini kwa mtu

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka na damu kuvuja. Hospitali nyingi zetu daktari huandika herufi tatu tu: AVC. Aliyepona kiharusi cha kwanza yumo katika hatari ya kupata kingine, na hatari hiyo hupimwa kwa miaka, si kwa siku. Ndiyo maana utafiti wa kuzuia kiharusi huchukua muda mrefu.

Chukua utafiti mmoja mkubwa ulioitwa PROGRESS, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2001. Watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi, au dalili zake za kupita, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa za kushusha shinikizo la damu. Lingine lilipewa vidonge vinavyofanana lakini visivyo na dawa ndani. Walifuatiliwa kwa miaka 4 hivi. Waliopewa dawa walipungukiwa na viharusi kwa asilimia 28. Matunda ya kazi ile yanawafikia hata wagonjwa wa Kalemie, kwa kuwa leo daktari anajua kwamba kushusha tansio baada ya kiharusi kunaokoa maisha. Lakini katika nchi 10 zilizoshiriki, hakuna hata moja ya Afrika.

Sasa fikiri maana ya miaka 4 kwa familia ya kwetu. Ni kurudi hospitalini mara kwa mara kwa tarehe zilizopangwa, kupimwa, kutolewa damu, kuulizwa maswali yaleyale, na kumeza vidonge kila siku pasipo kujua kama vina dawa. Aliyepooza upande mmoja hawezi kwenda peke yake. Kila safari yake ni safari ya watu wawili.

Kwa nini walioondoka wanaharibu hesabu

Tutoe mfano wa kubuni, usio matokeo ya utafiti wowote. Watu 200 wanaandikishwa: 100 wanapewa dawa mpya, 100 matibabu ya kawaida. Baada ya miaka 2, katika kundi la dawa mpya watu 30 hawaonekani tena. Kati ya 70 waliobaki, 7 wamepata kiharusi kingine, yaani 10 kwa kila 100. Katika kundi la pili wote wapo, na waliopata kiharusi ni 20. Anayetazama haraka atasema dawa mpya imepunguza viharusi kwa nusu.

Lakini wale 30 wako wapi? Tuseme mtu anakwenda nyumba kwa nyumba, na anakuta 13 kati yao walipata kiharusi nyumbani, wengine wamezikwa tayari. Ongeza 13 kwenye 7, unapata 20 kwa 100. Dawa haikufanya kitu. Karatasi ilisema uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Jambo la kuumiza ni kwamba wanaoondoka si watu wowote tu. Mara nyingi ni wale wanaokaa mbali, maskini zaidi, waliolemaa zaidi, wasio na mtu wa kuwashika mkono. Wakitoka hao, dawa inabaki kupimwa kwa wenye nguvu na wenye nauli. Kisha inaletwa kwa wote, na tunashangaa kwamba haifanyi kazi kwetu kama ilivyoandikwa.

Si jambo la Afrika peke yake

Mwaka 1998 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti ulioitwa STOP. Ulihusu watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi hapa huuita SS, na ambao unaweza kuleta kiharusi kwa mtoto mdogo. Watoto 130 waliokuwa katika hatari kubwa waligawanywa: 63 waliongezewa damu mara kwa mara, 67 wakapata matunzo ya kawaida. Katika kundi la kuongezewa damu alipooza mtoto 1. Katika kundi lingine 11. Hatari ilipungua kwa asilimia 92, na utafiti ukasimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa wazi.

Lakini katika hao 63, watoto 10 walitoka kabla ya mwisho, karibu 1 kwa kila 6. Hapo ni Marekani, penye barabara za lami, simu na hospitali kubwa, na matibabu yenyewe yalikuwa yanaokoa watoto. Hata hivyo, kumpeleka mtoto kuongezewa damu tena na tena ni mzigo, na kuna wazazi waliochoka. Basi tusikubali mtu atuambie kwamba kuacha ni ujinga wa watu weusi au wa watu wa kijijini. Mzigo ukizidi mabega, mtu yeyote huutua.

Sababu tunazoziona hapa kwetu

Ya kwanza ni njia na nauli. Kalemie ni mji mkuu wa jimbo lenye vijiji vilivyotawanyika mbali sana. Mtu wa Nyunzu au wa Bendera, au wa pwani ya kusini kuelekea Moba, hawezi kusema "nitarudi Jumanne". Anangoja treni, mashua au lori, na wakati wa mvua hata pikipiki haipiti. Nauli ya mgonjwa ikilipwa na ya anayemsindikiza isilipwe, ni kama haikulipwa yoyote.

Ya pili ni vita na maji. Tangu 2016 ugomvi kati ya Watwa na Waluba umewatoa watu wengi vijijini na kuwaleta katika kambi zinazozunguka mji. Mwanzo wa 2025, baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa na M23, watu wengine walikuja kwa mashua kutoka kaskazini. Ziwa nalo limepanda miaka ya karibuni na kuingia katika nyumba za walioko ufukweni, na wengi wamehama. Anayehama hivyo hupoteza karatasi ya hospitali, hupoteza simu, hubadilisha namba. Katika daftari la mtafiti ataandikwa "ametoweka". Kumbe yuko kilomita chache tu, chini ya hema.

Ya tatu ni ugonjwa wenyewe. Kiharusi huchukua miguu ya kwenda nayo na ulimi wa kujibia simu. Huweza kuchukua kumbukumbu, hata mtu asijue leo ni tarehe gani. Tena huleta huzuni nzito: karibu mtu 1 kati ya 3 waliopatwa na kiharusi huingia katika hali hiyo. Mgonjwa wa namna hiyo hasemi "nimeacha utafiti". Anageukia ukuta tu. Mtafiti akiita hali hiyo ukaidi, hakumwona mtu aliye mbele yake.

Ya nne ni yule anayeuguza. Mara nyingi ni mke, binti au mkamwana. Siku ya kliniki ni siku isiyo na soko, na siku isiyo na soko ni siku isiyo na bukari jioni. Karatasi ya kukubali utafiti husainiwa na mgonjwa, au huwekwa kidole chake, lakini mwenye kulipa gharama ya kila siku ni huyu mama ambaye jina lake halimo popote. Siku anapougua yeye, au anapojifungua, au anapoitwa msibani, utafiti wa mgonjwa umekwisha.

Ya tano ni kutosikia kitu. Tansio haiumi. Anayejisikia vizuri husema, "Nimepona, dawa za nini?" Asiyeona mkono ukifunguka husema, "Miezi sita, na bado niko vilevile. Dawa za nini?" Wote wawili wanaacha, mmoja kwa furaha na mwingine kwa kukata tamaa. Kama hakuna aliyewaeleza mwanzoni kwamba dawa ni ya kuzuia kiharusi kijacho na si ya kurudisha mkono, kosa si lao.

Ya sita ni mashaka. Mtu akitolewa damu mara nyingi na hakuna anayemwambia majibu, mtaa huanza kusema damu inauzwa. Akisikia kwamba kuna vidonge visivyo na dawa, atajiuliza kama yeye ndiye anayedanganywa. Maneno hayo hayaondolewi kwa kukemea. Huondolewa kwa kumrudishia mtu habari zake: tansio yako leo ni kiasi hiki, damu yako imeonyesha hivi, tumejifunza hivi.

Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda

Kuna habari njema ya kwetu Wakongo. Mwishoni mwa 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioitwa REACH, uliofanyika katika miji minne: Luanda huko Angola, Kinshasa kwetu katika hospitali ya Monkole, Kilifi nchini Kenya, na Mbale nchini Uganda. Daktari Mkongo, Léon Tshilolo, alikuwa wa kwanza katika orodha ya waandishi wake. Walitaka kujua kama dawa iitwayo haidroksiurea ni salama kwa watoto wa Afrika wenye selimundu, katika nchi zenye malaria na upungufu wa chakula. Haukuwa utafiti wa kiharusi peke yake, lakini ulihusu ugonjwa ambao ni mzazi wa viharusi vingi vya watoto.

Watoto 606 wa umri wa miaka 1 hadi 10 walianza dawa. Baada ya miaka 3, asilimia 94.2 walikuwa bado wamo. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria vilevile, kuongezewa damu kukapungua sana. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Kwa nini familia hizo zilibaki? Hatudai kujua yote, lakini mambo matatu yako wazi. Watoto wote walipata dawa. Hapakuwa na kundi la vidonge vitupu. Wazazi waliona kwa macho yao mtoto aliyekuwa akilia kila mwezi sasa anacheza. Na kazi ilifanyika katika hospitali za nchi zao, na wahudumu waliojua lugha na maisha yao. Tunawashukuru wazazi wale. Walionyesha kwamba mtu wa Kinshasa au wa Mbale hubaki miaka 3 akiona kwamba anahesabiwa kuwa mtu.

Ni kweli pia kwamba kuzuia kiharusi kwa mtu mzima ni kugumu zaidi kwa upande huo. Faida yake ni jambo ambalo halikutokea, na hakuna anayeona kiharusi ambacho hakikuja. Kwa hiyo utafiti wa watu wazima unahitaji kusindikizwa zaidi.

Watafiti nao huondoka

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, majaribio kadhaa ya dawa na vifaa barani Afrika yalikatwa katikati. Hapo wagonjwa walikuwepo na mradi ndio ulioondoka. Mtu aliyekuwa ameambiwa "tutakuwa nawe hadi mwisho" aliona mlango umefungwa.

Watu hawasahau. Mradi ujao ukifika na karatasi zake, watauliza: na ninyi mtaondoka lini? Ni swali la haki, na viongozi wetu waliulize mapema. Utafiti ukiisha, dawa itapatikana hapa? Kwa bei gani? Nani ataendelea kuwapima walioshiriki? Asiyeweza kujibu hayo asilalamike kwamba watu wanaacha.

Na sisi makanisani?

Watafiti waliowahi kuzungumza na watu wa Tanzania kuhusu kiharusi walikuta jambo la kushangaza. Katika mji mkubwa wa Dar es Salaam wengi walikihusisha na mashetani na uchawi. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watu wengi zaidi walitaja tansio, mafuta ya chakula na mawazo mengi. Basi kukaa mjini hakumfanyi mtu ajue ugonjwa umetoka wapi.

Kwetu pia tunazo sauti hizo, na nyingine zinatoka katika vyumba vya maombi. Tumesikia mgonjwa akiambiwa kwamba akiendelea kumeza vidonge anaonyesha hana imani. Tuseme wazi: neno hilo linaua. Anayeacha dawa ya tansio kwa ghafla anaweza kuanguka tena ndani ya siku chache. Kumwombea mgonjwa na kumkumbusha vidonge vyake ni huduma moja. Mchungaji anayefanya yote mawili hajapunguza imani yake hata kidogo.

Lakini tujihadhari na kosa la upande mwingine. Tangu Azimio la Helsinki la 1964, madaktari wa dunia wamekubaliana kwamba mtu ana haki ya kuingia katika utafiti kwa hiari na kutoka wakati wowote, na asinyimwe matibabu kwa sababu ametoka. Mchungaji akisimama madhabahuni na kutangaza kwamba waumini wote wajiandikishe, nani atathubutu kukataa? Nani atathubutu kutoka? Kanisa lieleze, lisindikize, lisilazimishe.

Kuna mambo madogo ambayo kila kanisa la mahali linaweza kufanya, hata bila mradi wowote kuja.

Kwanza, kikundi cha kutembelea wagonjwa kipange zamu za mwaka mzima badala ya kumaliza nguvu zote wiki ya kwanza. Afadhali mgeni mmoja kila wiki kwa miezi 12 kuliko wageni 50 siku ya pili.

Pili, zamu hizo zimhesabu na anayeuguza. Siku ya kliniki, mama mwingine amsaidie kuuza, au kijana mwenye pikipiki amchukue mgonjwa.

Tatu, liwepo daftari la kanisa lenye namba za ndugu wawili au watatu wa kila mgonjwa, likatunzwe kwa siri na mtu mwaminifu. Vita au maji vikimhamisha, kanisa la kule alikofika liweze kuarifiwa. Hakuna mtafiti mwenye mtandao kama wetu: kuna washirika wetu Moba, Nyunzu, Manono, na ndani ya kambi zenyewe.

Nne, tuwafundishe watu kwamba kuacha dawa ya utafiti si lazima kuwe kukata mawasiliano. Mtu anaweza kusema, "Sitaki vidonge tena, lakini nipigieni simu mjue hali yangu." Neno hilo moja linaokoa hesabu ya wengi, na yeye hapotezi haki yake.

Tano, wenye kipimo cha tansio wakilete baada ya ibada. Wengi watajua hali yao kabla ya kuanguka.

Katika Injili ya Marko sura ya 2 tunasoma habari za mtu aliyepooza, aliyebebwa na watu wanne. Walikuta mlango umejaa watu. Wangeweza kusema tumejaribu, turudi nyumbani, na hakuna ambaye angewalaumu. Walipanda juu, wakafungua dari, wakamshusha. Hatujui jina la yule mgonjwa wala la wabebaji wake. Tunajua tu kwamba hawakumwacha njiani.

Kila tunapoona katika ripoti kwamba wagonjwa kadhaa "wametoweka", tuulize wale wanne walikuwa wapi. Na Jumapili hii, kabla ya kutoka kanisani, tutazame viti vyetu. Kuna mtu aliyekuwa akiketi pale mwaka jana, naye sasa ameketi mlangoni kwake. Tumwendee wiki hii, na wiki ijayo, na mwezi wa kumi na mbili pia.